Mama kuchanganyikiwa baada ya kubadilishiwa goti

Pole sana, dada. Unasema mama yenu wa miaka 76, siku ya tatu tangu abadilishiwe goti, usiku anamwita marehemu baba na kuchomoa dripu: hali hiyo ya kuchanganyikiwa huwapata wazee wengi baada ya upasuaji. Si wazimu, wala hajarogwa. Mara nyingi hutulia ndani ya siku chache, ingawa kumbukumbu yaweza kusuasua kwa wiki kadhaa.

Leo hii mwombe daktari apitie dawa zake, hasa tramadol (dawa kali ya maumivu) na za usingizi, na apime mkojo na damu. Msimkatishie dawa za maumivu wenyewe, maana maumivu nayo huvuruga akili. Mvalisheni miwani yake, anywe maji, usiku akae naye mtu anayemfahamu. Msibishane naye.

Mdomo ukipinda, ulimi ukiwa mzito, homa ikipanda au asipoamshika, mwiteni daktari papo hapo.