Pumu ya ngozi kwa mtoto mchanga msimu wa baridi: maji, mafuta na ile tyubu ya "fangasi"

Dada wa Njombe, umesema mtoto ana miezi 5, mashavu yamekauka hadi yanapasuka, mikono ina mabaka, usiku anajisugua kwenye shuka, na dawa ya fangasi ilituliza siku chache kisha vikarudi. Hiyo inafanana sana na pumu ya ngozi. Angalia sehemu ya nepi: ikiwa ni nzima huku uso na upande wa nje wa mikono na miguu vimeharibika, ndivyo inavyokuwa umri huo. Usitafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi utaona weusi uliozidi au ukijivu, na ukipapasa utasikia vipele vidogo vinavyokwaruza.

Sasa soma maandishi madogo kwenye tyubu. Nyingi zinazouzwa kama za fangasi ni mchanganyiko wa dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), mara nyingi betamethasone au clobetasol. Kilichotuliza ni steroidi. Kwa uso wa mtoto ni kali mno: huifanya ngozi iwe nyembamba, na nyingine hupenya hadi kwenye damu. Usiipake tena bila daktari kuiona.

Kipupwe cha huku kwetu, Juni hadi Agosti, hewa ni kavu na upepo hauishi, halafu tunaongeza maji ya moto na sufu. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu. Ukizamisha kiwiko usihisi moto wala baridi. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Sabuni ya mche iache kwa nguo, na nguo zenyewe zisuuzwe mara mbili. Dawa ya kuua vijidudu isitiwe kwenye beseni, inachoma ngozi iliyopasuka.

Mkaushe kwa kugandamiza khanga laini, bila kusugua, na ndani ya dakika 3 paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, ngozi ikiwa bado na unyevu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mgando hauleti maji, unafungia yaliyopo. Ukipaka ngozi iliyokwisha kukauka umefungia ukavu. Pitisha mkono kufuata vinyweleo, usichue. Rudia mchana na kabla ya kulala, mwili mzima, hata palipo pazuri. Chota kwa kijiko safi, vidole vinapeleka vijidudu koponi. Mafuta ya mzaituni yaache, yanalegeza utando wa juu wa ngozi.

Vazi la ndani liwe pamba, sufu juu yake, na usimfunike hadi atoe jasho maana jasho linawasha. Jiko la mkaa litoke chumbani kabisa: moshi wake usioonekana unaua, na nguo iliyolowa mafuta ya mgando hushika moto upesi mno.

Palipovimba na kuwasha, mafuta peke yake hayatoshi. Kwa uso wa mtoto kinachoandikwa mara nyingi ni hydrocortisone 1%, steroidi isiyo kali, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache hadi ngozi ilainike. Kipimo: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole chako cha shahada hadi pingili ya kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake. Iachanishe na mafuta kwa nusu saa hivi. Kuiogopa ukapaka kidogo kidogo leo na keshokutwa ndiko kunakorefusha ugonjwa.

Usiache kula mayai wala kunywa maziwa kwa kubahatisha kwamba ndivyo vinavyomdhuru mtoto, ilhali unanyonyesha.

Ukiona magamba ya njano au majimaji, mpeleke kituo cha afya. Malengelenge yanayofanana yenyewe kwa yenyewe, yanayoacha vidonda vya duara vyenye kishimo, pamoja na homa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni virusi vya herpes, na bila dawa yake hali huwa mbaya haraka.

Mabaka meupe yatakayobaki si fangasi, usiyanunulie tyubu nyingine. Rangi hurudi yenyewe, ingawa huchukua miezi.