Unatolewa mfuko wa nyongo kwa matundu? Ulizia ganzi ya tumbo mapema

Watu wakisikia upasuaji wa matundu wanajua hakuna maumivu, manake vidonda ni vidogo na mara nyingi ni vinne tu. Mimi nimetolewa nyongo kwa njia hiyo na nakwambia maumivu yapo, ila yanatoka sehemu tofauti. Kuna ya vidonda kwenye ukuta wa tumbo, kuna ya ndani pale nyongo ilipokuwa imeshikana na ini, alafu kuna ya bega, na haya ndo yanatisha watu kweli, yani umepasuliwa tumbo bega linauma nini? Ni ile gesi ya kaboni dioksaidi wanayojazia tumbo ili waone vizuri, inasumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa kiwambo unatokea shingoni pamoja na ile ya bega.

Sasa ganzi. Ukishalala nusu kaputi, daktari wa usingizi anapitisha sindano chini ya mbavu huku anaangalia kwa ultrasaundi, anamwaga dawa kama bupivakaini katikati ya tabaka za misuli pale mishipa ya fahamu inapopita. Mimi nilichomwa hiyo, nikaamka vidonda vimetulia, nikaweza kukohoa na kutembea bila kuhitaji sana dawa za jamii ya mofini, zile zinazoleta kichefuchefu. Ila haigusi bega, na ya ndani haiyafikii vizuri, kwaiyo bega likiuma usidhani ganzi imegoma.

Na inaisha jamani! Masaa kadhaa, ikikaa sana siku moja hivi. Usisubiri iishe ndo uanze kutafuta vidonge, meza parasetamoli kwa saa zake hata kama husikii kitu, na ibuprofeni kama daktari kakuruhusu, manake mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu haimfai.

Kabla ya upasuaji mwambie daktari wa usingizi kama una mzio wa dawa za ganzi au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kama hawafanyi hiyo ya ultrasaundi, muombe anayekupasua achome ganzi kwenye matundu yenyewe, nayo inasaidia, na akamue gesi vizuri kabla ya kushona.

Ukiamka midomo inakufa ganzi au masikio yanavuma, mwite nesi hapohapo. Na ukisharudi nyumbani, tumbo likizidi kuuma badala ya kupungua, au homa, au macho ya njano, hiyo sio ya kuongeza vidonge, rudi hospitali.