Jibu: Nimeokoka, pesa niliyoiba kazini nikiitoa sadaka inatosha?
Haitoshi, ndugu. Sadaka haifuti deni la tajiri wako, yaani mwajiri wako. Walawi 6:5 inadai mali yote irudishwe pamoja na sehemu ya tano juu yake, apewe mwenyewe: laki mbili inakuwa 240,000. Zakayo, yule mtoza ushuru, alisema atarudisha mara nne (Luka 19:8), ila ile ilikuwa ahadi yake, usijibebeshe. Tajiri wako akiwa amefariki, wape ndugu zake wa karibu. Asipokuwa nao ndipo iende kwa Bwana (Hesabu 5:8).

Wengi hukosea kwa kutuma kimya kimya kwa simu: tajiri anadhani muamala umekosewa, anaurudisha. Nenda ana kwa ana, taja kiasi kwanza, maelezo baadaye. Huna zote? Omba kulipa kwa mafungu. Na tafadhali, usikope kausha damu (mikopo ya riba kali) ili ufanye malipizi.