Nabii anasema niende Saudia, mama anakataa: nimsikilize nani?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Mikindani, Mombasa, baba yao alishatuacha. Nimepata ajenti wa kunipeleka Saudia kwa kazi za nyumbani. Mama yangu hataki kabisa. Nimefunga siku tatu nikiomba ishara, kisha nikafumba macho nikafungua Biblia, kidole kikaangukia "Toka wewe katika nchi yako". Nabii mmoja ameniambia mlango huu ni wa Mungu, ila niufungue kwa sadaka ya shilingi 10,000. Nimeshatoa 4,000. Ajenti anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na moyo wangu hauna amani. Nitajuaje Mungu anataka nini?

JIBU: Dada yangu, pole. Karo, kodi ya nyumba na wazee wa kutunzwa, vyote vimekuangukia wewe peke yako, halafu unaambiwa kwamba ukikosea njia umemkosea Mungu. Mzigo huo wa mwisho hakukutwika Mungu, na ndio nitakaoanza nao.

Huyo aliyekutoza 10,000 hana mlango wa kukufungulia. Soma 2 Wafalme 5. Naamani alipopona ukoma alimsihi nabii Elisha apokee zawadi, Elisha akakataa katakata. Gehazi, mtumishi wake, akamkimbilia Naamani kwa uongo, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi mawili, na ukoma ukamshika yeye. Bwana Yesu naye aliwaambia wanafunzi wake, "mmepata bure, toeni bure" (Mathayo 10:8). Sadaka ni ibada, toa kanisani kwako kwa furaha. Lakini sadaka yenye bei, inayolipwa kwanza ndipo Mungu afungue, ni biashara, na mteja wake karibu kila mara ni mtu aliyebanwa kama wewe.

Wanaoitetea husema, "Usiseme vibaya juu ya masihi wa Bwana." Daudi alikataa kumwua mfalme Sauli kwa kuwa ni masihi wa Bwana, ni kweli, lakini alimkabili peupe na kumwambia kosa lake (1 Samweli 24). Na Paulo anaagiza tujaribu mambo yote (1 Wathesalonike 5:21), unabii ukiwemo. Hapa Pwani hatuna haja ya kukumbushwa hasara ya kutopima: mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyehimiza kufunga hadi kufa ilifukuliwa Shakahola.

Tena unabii mtamu ndio wa kupimwa zaidi. Katika Yeremia 28, Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba vyombo vya hekalu vilivyopelekwa Babeli vitarudi ndani ya miaka 2. Bila shaka watu walifurahi. Yeremia akawaandikia mateka walioko Babeli barua: ni miaka 70, basi jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni. Hanania akafa mwaka uleule. Yeremia 29:11, ule mstari wa mawazo ya amani tunaoubandika ukutani na nyuma ya matatu, umo ndani ya barua hiyo, na mistari michache kabla yake watu wanaonywa wasidanganywe na manabii.

Kuhusu kidole: kingesogea kurasa chache tu mbele kingeangukia Mwanzo 26:2, Isaka akiambiwa wakati wa njaa, "Usishuke kwenda Misri." Ungefuata kipi? Maneno yale aliambiwa Abramu.

Sasa hili la amani moyoni, ambalo hata wachungaji wazuri hulifundisha kama kipimo cha mwisho. Yona alikuwa anamkimbia Mungu, na mlango ulikuwa wazi: alifika Yafa akakuta merikebu, nauli anayo, akapanda. Dhoruba ilipovuma yeye alikuwa amelala fofofo. Amani gani zaidi ya hiyo? Na Bwana Yesu, akiwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, alihuzunika Gethsemane kiasi cha kufa. Kwa hiyo hofu yako haisemi usiende, na ukiamka kesho umetulia hiyo haitasema nenda.

Biblia haikuamuru kwenda Saudia wala haikukatazi. Imekuamuru kutunza walio wa nyumbani mwako, kusema kweli, na kuomba hekima kwa Mungu asiyekemea (Yakobo 1:5). Ndani ya hayo una uhuru wa kuamua. Hata Paulo alizuiwa Asia, akazuiwa Bithinia, ndipo akaonyeshwa Makedonia. Alipokwenda, tena kwa wito usio na shaka, alipigwa bakora Filipi na kufungwa miguu kwa mkatale. Mambo yakiwa magumu huko, usidhani ulikosea njia.

Hekima unayoomba ina kazi zake. Usiongeze shilingi kwa nabii. Jina la kampuni ya ajenti ulitafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kama halimo, mjadala umekwisha, na usimpe pasipoti. Likiwemo, omba mkataba uende nao nyumbani. Tafuta humo mshahara na tarehe ya kulipwa, siku ya kupumzika, nani anakaa na pasipoti, utashika simu au la, na ukikorofishana na mwajiri unahamaje. Ajenti asiyetaka usome mkataba amekujibu tayari. Hakikisha umeelewa nani analipa tiketi, visa na vipimo vya hospitali. Deni unaloondoka nalo hula mshahara wa miezi ya kwanza.

Kisha mketi na mama. Usimpelekee unabii, mpelekee mkataba. Mwulize anaogopa nini hasa. Huenda amesikia habari za binti wa jirani, na huenda anajua kwamba watoto atabaki nao yeye na miguu haimwezi tena. Andikeni ninyi wawili kwenye karatasi: watoto watalala wapi, karo italipwa na nani kama mshahara utachelewa miezi miwili, nani atakwenda shuleni wakiitwa. Yesu alisema mjenzi huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Mwite na mzee mmoja wa kanisa lako asiye na faida yoyote katika safari hiyo.

Mkishamaliza, ombeni, uamue. Mwisho wa mwezi ni tarehe ya ajenti. Karatasi zisipokuwa tayari, mwambie asubiri au amchukue mwingine.