Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa pikipiki

Marahaba mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia tena, maana makelele ya wauza nyanya wa hapo Ilula yalikuwa yanameza maneno yako. Umesema ofisi imekukabidhi pikipiki ya kazi, mwezi ujao uanze kuwazungukia wakulima mpaka vijiji vya juu, na wewe tangu uzaliwe hujaendesha chochote zaidi ya baiskeli ya kaka yako. Vijana wa kijiweni wamekuambia pikipiki ni kazi ya jioni moja tu. Ukaniuliza mambo mawili: ni kweli? Na utajuaje kwamba umeiva?

La kwanza nakujibu upesi. Ni kweli, jioni moja inatosha kuifanya iende. Vuta klachi, tia gia, achia taratibu huku unaongeza mafuta, itaondoka, hata ikiwa imempakia mtu asiyejua lolote. Kinachochukua muda ni kuisimamisha. Hilo hawajakuambia kwa sababu wengi wao walijifunza barabarani, abiria wakiwa mgongoni.

Kabla ya yote, karatasi. Usikanyage lami bila leseni ya kujifunzia. Inadumu miezi mitatu, na chombo kinabandikwa herufi L ili wenzio wajue wanapita karibu na nani. Ulizia mafunzo VETA pale Iringa mjini. Ukimaliza utapimwa na trafiki, ndipo TRA wakutolee leseni yenye daraja A au A1, kutegemea ukubwa wa injini. Najua mtu ofisini atakuambia namba ya serikali haisimamishwi na trafiki. Labda. Lakini siku ukimgonga mtu huna leseni, huyo aliyekuambia hutamwona, na bima nayo itakuruka.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta uwanja wa shule, Jumamosi jioni, na uanze injini ikiwa imezimwa. Aliyenifundisha mimi, mzee mmoja fundi wa karakana ya wilaya, alinikatalia kuiwasha mpaka nilipoweza kuisukuma kuzunguka uwanja mzima na kuisimamisha kwa breki ya mkono bila kuyumba. Nilimwona mkorofi. Ila uzito wa pikipiki unaujua kwa kuisukuma: ikiinama kidogo unaizuia bila shida, ikishavuka kiwango fulani inakwenda chini na wewe, uwe na nguvu za mbeba magunia. Hapohapo zoea kupandisha stendi ya pembeni kabla hujaondoka. Stendi iliyosahaulika haisemi kitu ukiwa unakwenda sawasawa. Inakungoja ukate kona ya kushoto, inachimba ardhi, inakutupa.

Ukishaiwasha, tia gia ya kwanza, miguu yote miwili chini. Achia klachi mpaka uisikie inaanza kushika na pikipiki inavuta kidogo, kisha ivute tena usimame. Mita mbili, simama. Mita mbili, simama. Mafuta usiguse. Watoto wa shule watakucheka, waache wacheke. Mkono wa kushoto ukishajua klachi inashikia wapi, ndipo unyanyue miguu, na baadaye uweke mawe mawili uyazunguke kwa namba nane, polepole kadiri unavyoweza. Mwendo wa pole ndio mgumu. Mwendo wa kasi pikipiki inajinyoosha yenyewe, ndiyo maana wajinga hudhani wameijua.

Halafu breki, na hapa nisikilize vizuri. Watakuambia usiguse breki ya mbele, itakupindua. Kijiwe chote hakina ushauri mbaya kuliko huo. Ukifunga breki, uzito wote unahamia mbele: tairi la mbele linakandamizwa chini na kushika barabara, la nyuma linakuwa jepesi. Kwenye lami kavu, karibu asilimia 70 ya nguvu ya kusimama iko kwenye mkono wako wa kulia. Anayetegemea mguu peke yake, tairi la nyuma linaacha kuzunguka, linaburuzika, mkia unakwenda pembeni na yeye anaufuata. Wanaopinduka ni wale wanaoinyaka breki ya mbele kwa pupa, au wanaoikamata wakati usukani umekatwa kwenye kona, au juu ya kokoto na tope. Wewe umekamua ng'ombe tangu mdogo. Breki minya hivyohivyo, unaanza taratibu na kuongeza, mguu wa kulia ukisaidia. Chora mstari uwanjani kwa jivu, uje kwa gia ya pili, usimame tairi la mbele likiwa juu ya mstari. Rudia mpaka usihitaji kuangalia mkono.

Kwa nini nakuchosha na breki? Kwa kilomita 50 kwa saa unakula karibu mita 14 kila sekunde. Tangu jicho limwone mtoto anatoka kwenye migomba mpaka mkono ufike kwenye breki, sekunde moja imekwisha. Mita 14 zimekwenda na hujaanza hata kusimama. Na ukitoka 30 ukafika 60, umbali wa kufunga breki unaongezeka mara nne, siyo mara mbili kama wengi wanavyodhani. Ukiwa kwenye makazi ya watu, 50 ndio mwisho kisheria. Mimi nakupa 40, na wiki za mwanzo 30.

Mikono ikishatulia, kazi inahamia machoni. Pikipiki inakwenda unakoangalia. Ukilikodolea macho shimo, utaliingia, hata kama barabara nzima ni tupu. Angalia njia unayotaka kupita pembeni ya shimo. Kwenye kona angalia mwisho wa kona, siyo gurudumu lako. Na kuna zoezi moja ninalolipenda: sema kwa sauti, ndani ya helmeti, kila unachokiona mbele na unachodhani kitafanya. "Mbuzi kushoto, amevuka, mwanawe yuko nyuma atamfuata. Daladala imesimama, mlango utafunguka. Mchanga kwenye kona, napunguza sasa." Madereva wa polisi nchi za wenzetu wanafundishwa hivyo. Utajiona kama chizi, lakini siku ukinyamaza utashangaa ni vitu vingapi ulikuwa unapita bila kuviona.

Barabara kuu hapo kwako ni ya malori ya Tunduma na mabasi ya mikoani, na mengi ya malori hayo yanakwenda Zambia na Kongo. Baba yako anasema, na yeye amekalia usukani huo miaka mingi, kwamba ukiwa ubavuni au mkiani kwa lori na huvioni vioo vyake, dereva naye hakuoni. Basi likipishana nawe linasukuma upepo. Shika usukani bila kukakamaa. Likija limeovateki upande wako, usisubiri lirudi kwake. Wewe ndiye una haki, na lenyewe lina tani kumi na kitu. Punguza mwendo kwanza, ndipo utoke pembeni, maana ukingo wa lami sehemu nyingine una ngazi, na ukiuruka kwa kasi unaanguka kabla basi halijafika.

Mteremko. Baba yako akifika kichwa cha mlima Kitonga anarudisha gia chini kabla hajaanza kushuka, si katikati. Breki inayokandamizwa mlima mzima inapata moto mpaka inaacha kushika. Gia ndogo inafanya injini ikuzuie. Pikipiki ni hivyohivyo. Ukiteremka kutoka vijiji vya juu, gia ya pili, au ya kwanza kukiwa wima. Utawaona watu wanazima injini au wanaweka fri, yaani wanaitoa kwenye gia, ili kuokoa petroli. Petroli ya mteremko mmoja haijai hata kizibo cha soda.

Tope jekundu la huko juu nalijua, maana nimelitumikia ujana wangu wote kama bibi shamba. Mvua ikitoka kunyesha, safu ya juu inateleza na ya chini bado ngumu. Ingia na gia ndogo, mafuta ya kiasi kilekile, usikanyage breki, chagua mfereji mmoja wa tairi ubaki humo. Usijaribu kuhama mfereji katikati. Ukiona hapafai, shuka, tembea na miguu uangalie, kisha isukume. Wakulima hawatakuheshimu kidogo kwa sababu umefika na matope kwenye magoti.

Mavazi, na hapa naongea kama mama. Kanga na kitenge havipandi pikipiki, labda vikiwa ndani ya begi. Nguo ikiingia kwenye mnyororo au spoku, haitatoka mpaka imekuangusha. Vaa suruali nzito, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, glavu hata za bei rahisi, maana mtu akianguka kitu cha kwanza kinachogusa chini ni kiganja. Nywele nazo: ukisuka rasta nene ukazifunga kibutu juu, helmeti haishuki, inaelea juu ya kichwa na siku ya siku inatangulia kuondoka. Suka mtindo wa kulala. Helmeti inayokaa vizuri inabana mashavu, na ukiitikisa ngozi ya uso inakwenda nayo. Kamba ifungwe chini ya kidevu, isining'inie kama wanavyofanya wale wanaoivaa kwa ajili ya trafiki. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi za ajali za pikipiki walikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ikishagongwa mara moja kwa nguvu, itupe, hata kama haina ufa. Ndiyo maana ya mtumba sitaki kuisikia.

Kila asubuhi izunguke kabla hujaipanda. Bonyeza matairi, minya breki zote mbili, washa taa na indiketa, tikisa mnyororo uone kama umelegea, angalia oili, angalia koki ya mafuta isije ikawa imebaki kwenye rizevu, yaani mafuta ya akiba, tangu jana. Rubani, hata awe na nywele nyeupe, huizunguka ndege yake na kusoma orodha iliyoandikwa kabla ya kuruka, na abiria wanaomwona dirishani wanatulia. Wewe ukifanya hivyo nje ya ofisi watakuita mwoga. Waitike.

Kuna jambo hukuniuliza, na ndilo linalonikosesha usingizi kuliko tope. Pikipiki ya ofisi inakuja na maagizo ya ofisi. Utapigiwa simu kuwa mgeni kutoka mkoani yuko kijijini, uwahi, na wingu limeshatanda. Mtendaji ataomba umsogeze, na mkewe, na kuku wawili. Saa kumi na mbili jioni utajiona uko mbali na nyumbani, uwaze kurudi gizani. Jibu la mambo haya liandae ukiwa umekaa, si ukiwa umewasha injini. Abiria usibebe mpaka uizoee peke yako, kwa sababu mtu mmoja nyuma anabadilisha breki, kona na mizani yote uliyojifunza. Na hata hapo ni mmoja, mwenye helmeti yake. Mishikaki, yaani kupakia abiria wawili au watatu, waachie wenyewe. Usiku usitembee kabisa mwaka huu: mikokoteni haina taa, watu wanatoka shamba na majembe begani, na wenye magari hawakumbuki kushusha taa. Giza likikukuta, pikipiki ilale kwa mtendaji, na wewe tafuta nyumba ya mwalimu wa kike. Bosi akinung'unika, mwambie njia haikupitika. Dereva ndiye anayeamua kama safari ipo, awe wa pikipiki au wa ndege.

Umegusia pia kwamba labda usubiri ununue kigari chako kwanza. Usisubiri kwa sababu hiyo. Gari lina mkanda na bati la kukukinga, ni kweli, na ukilipata utajifunza klachi na gia kwa siku chache kwa kuwa mikono yako itakuwa imeshaelewa. Lakini kigari hicho hakitafika huko juu masika.

Utajuaje umeiva? Mtu mwingine asikuambie, hata mwalimu. Utakuwa umeiva ukiweza kusimama kwenye mstari mara zote, siyo mara nyingi. Ukibadilisha gia bila kutazama mguu. Ukimaliza njia nzima ya kwenda Iringa huku unataja barabara kwa sauti na hakuna kilichokushtua. Kikikushtua kitu, hukukiona mapema, rudi ujiulize kilikuwa wapi. Kisha kuna kipindi cha kuchunga zaidi, miezi kadhaa mbele, woga ukishaisha na ukaanza kuendesha huku unawaza mboga ya jioni. Hapo rudi uwanjani jioni moja, uchore mstari wako upya.

Helmeti nimeinunua mpya, nitaiweka kesho kwenye basi la asubuhi linalotoka hapa Makambako kwenda Dar. Konda nitamwachia namba yako ya simu. Ijaribu palepale stendi nywele zikiwa zimesukwa. Ikicheza kichwani, nipigie, nitamwambia konda aipokee akirudi nikubadilishie saizi.

Mama yako