Mdogo wangu unayeanza gereji, kunawa kwa petroli achana nako

Gereji utafundishwa kushika spana, kufungua nati bila kuiharibu, kusikiliza injini. Kuhusu mafuta yanayokuingia mwilini, mara nyingi hakuna atakayekuambia kitu, kwa sababu hayaumi. Maji ya betri yakikurukia utashtuka, lakini oili chafu unaweza kushinda nayo mikononi kutwa nzima usihisi lolote.

Oili unayomwaga siyo ile iliyomiminwa. Imeungua, imebeba masizi na chembe za chuma kilichosagika, pamoja na kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi miaka nenda rudi huweza kuleta saratani. Kwa hiyo tambara lililolowa oili usilitie mfukoni mwa suruali. Mwanzoni mwa karne ya 20, mafundi wa mashine za kusokota pamba Uingereza walipata saratani ya ngozi ya korodani, kwa kuwa mafuta ya mashine yalilowesha suruali zao kila siku. Ovaroli nayo ifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto.

Jioni utaona kopo la petroli linazunguka, kila mtu ananawa. Inatakatisha kweli. Lakini inakausha ngozi mpaka inapasuka, na kesho oili inapata pa kupenyea. Isitoshe petroli ina benzini, ambayo huharibu uboho wa mifupa unakotengenezwa damu na husababisha saratani ya damu. Fanya hivi: mikono ikiwa bado mikavu, paka mafuta ya kula kidogo, sugua mpaka weusi ulegee, futa, ndipo unawe kwa sabuni na maji. Ukimaliza paka mafuta ya mgando. Glavu zikipatikana, vaa.

Ukiambiwa unyonye petroli kwa mpira, kataa kwa adabu, tafuta pampu ya mkono. Ikikupita kooni, usijitapishe. Hatari kubwa iko mapafuni: kiasi kidogo tu kikiingia njia ya hewa, mapafu huvimba. Kikohozi, homa na kubanwa kifua vinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Nenda hospitali hata kama unajiona mzima.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama kwenye shimo la kutengenezea gari kwa chini. Ukianza kuumwa kichwa au kizunguzungu ukiwa humo, toka mara moja. Sigara na kuchomelea visikaribie.

La mwisho wengi hawalijui kabisa. Unapopima nozeli ya dizeli, yaani kile kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya injini, usiweke kidole mbele yake. Msukumo wake hutoboa ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama, na nje utaona kitone tu kama cha sindano, pengine bila maumivu. Usisubiri kivimbe. Kimbia hospitali saa ileile, umwambie daktari waziwazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa msukumo mkubwa, maana mara nyingi kidole hicho huhitaji kupasuliwa na kusafishwa haraka, na ukichelewa kinaweza kukatwa.