Rangi ya nje inabambuka upande wa bahari: yaliyonikuta Tudor

Dadangu wa Bamburi, umeuliza kwa nini rangi ya nje uliyopaka mwaka jana tu inabambuka, na kati ya fundi wa mtaani na kampuni ya wapaka rangi umchukue nani, maana bei zao zimepishana karibu mara mbili. Nakujibu kwa sababu hayo yalinikuta nyumbani kwa wazazi wangu, Tudor, hapa hapa Mombasa.

Mara ya kwanza nilimchukua wa bei ya chini. Vijana wake walifagia ukuta kwa ufagio wa chelewa, wakapaka, siku nne kazi imekwisha na nyumba inang'aa. Masika yalipoingia, malengelenge yakatokea chini ya madirisha. Nilitoboa moja kwa ukucha. Rangi ikatoka kipande kizima kama ganda la yai, na nyuma yake unga mweupe. Nikauonja kwa ncha ya ulimi: chumvi.

Chumvi ndiyo adui yetu huku. Inakuja na upepo wa bahari, na kwenye nyumba nyingine imo ndani ya plasta yenyewe kwa sababu ya mchanga wa ufuoni. Maji yakipenya kwenye ufa au yakipanda kutoka msingini huiyeyusha. Jua likiwaka, maji yanatoka na chumvi inabaki nyuma ya rangi, inaisukuma. Hata ununue ndoo ya bei gani, haitashika.

Fundi wa pili hakuniuliza habari ya rangi kwanza. Alizunguka nyumba akigonga plasta kwa mpini wa kisu chake cha kukwangulia, na kila palipolia kama pana uwazi ndani akatia alama ya chaki. Ukuta wa nyuma alibandika kipande cha nailoni, akakiziba kwa utepe pande zote nne, akasema kisiguswe hadi kesho. Asubuhi kulikuwa na matone kwa ndani. "Hapa hapapakwi," akasema, "mpaka mjue maji yanatoka wapi." Ilikuwa bomba la choo, upande wa pili wa ukuta, linavuja polepole na mamangu hana habari.

Maandalizi yalichukua muda mrefu kuliko kupaka, na hapo ndipo tofauti ya bei yako ilipo. Chumvi iliondolewa kwa brashi kavu, kwa sababu ukiimwagia maji inarudi ndani. Plasta iliyooza ilibomolewa, ikapigwa mpya kwa mchanga uliooshwa, kisha ikaachwa wiki nne, maana saruji mbichi ina ukali unaokula rangi. Vyuma vya madirisha vilikwanguliwa kutu na kupakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Ukiviacha wazi usiku mmoja kwa hewa hii ya chumvi, kutu inarudi. Halafu praima, yaani koti la chini la kushikisha rangi, halafu koti mbili za rangi, asubuhi na jioni tu, kwani ukuta uliochomwa na jua la adhuhuri hukausha rangi kabla haijashika.

Hesabu hii ifanye mwenyewe. Kwenye ukuta laini lita 1 hufunika kama mita za mraba 10 kwa koti moja, na ukuta wa kokoto hunywa zaidi. Ukuta wa mita za mraba 200 kwa koti mbili ni lita 40, ndoo mbili za lita 20. Anayekwambia ndoo moja inatosha ataongeza maji. Mimi rangi nilinunua mwenyewe, na ndoo zilifunguliwa mbele yangu.

Kwa hiyo, kampuni au fundi, jina si hoja. Akuandikie atakachofanya kabla ya kupaka na koti ngapi, na umlipe kwa hatua. Akupeleke kwenye nyumba aliyoipaka masika mawili yaliyopita, si ya mwezi jana. Na kama yako ni ya ghorofa, usikubali kijana apande ngazi mbili zilizofungwa kamba. Lipia jukwaa la kupandia. Hilo nakuomba sana, nimeona mtu akianguka.

(Kama kuta zako ni mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji wa Kale, mambo ni mengine. Ukuta huo unapumua, upakwe chokaa. Rangi ya plastiki huuzibia unyevu ndani.)

Kuhusu rangi nyeupe na buluu uliyoitaja, agizo lile la kaunti la 2018 la kupaka majengo rangi hizo lililenga katikati ya mji na Mji wa Kale, kwa hiyo Bamburi chagua uipendayo.

Wakati mzuri ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na ukuta umekauka. Ukikosa, subiri Agosti. Leo jioni bandika nailoni upande wa bahari, na kesho utuambie umeona nini.